Feni Inazunguka

Jumamosi, 4 Januari

Daftari hili si langu. Muuguzi wa kitengo cha figo alimpa mke wangu aandike uzito wake na vikombe vya maji anavyokunywa kila siku. Akaandika siku tisa, kisha akalisukuma upande wangu wa meza akasema, "Andika wewe. Mimi nimechoka kujihesabia maji." Basi nimelirithi. Vikombe vyake ni vitatu tu kwa siku na kurasa ni nyingi, kwa hiyo nafasi itakayobaki nitaandika ninayoyataka.

Jumanne, Alhamisi na Jumamosi anasafishwa damu. Kiti chake kwenye mashine ni cha saa moja asubuhi. Ukichelewa zaidi ya nusu saa kiti anapewa mwingine aliyekesha akisubiri, na wewe unarudi nyumbani na maji yako mwilini mpaka zamu nyingine. Anayempeleka kwa gari letu la zamani ni shemeji yangu, mdogo wake wa mwisho, kinyozi. Siku hizo kibanda chake anakifungua mchana. Mimi nabaki gereji, maana fundi akifunga asubuhi wateja wanahamia kwa jirani.

Kabla ya kutoka leo mke wangu aliniuliza, kama anavyouliza kila siku ya zamu, "Naonekanaje?" Nikamwambia, "Mzuri, kama jana."

Jumapili, 5 Januari

Mota ya feni ya gari letu imekufa. Nimefunga nyingine, iliyotoka kwenye gari lililochinjwa kwa ajili ya vipuri. Soketi hazikupatana, nikakata nyaya na kuziunga kwa mkono, nyeusi kwa nyeusi, buluu kwa buluu. Jua lilikuwa limeshaanza kuzama. Feni inazunguka. Vikombe vitatu.

Jumanne, 7 Januari

Wamekwenda, wamerudi. Hakuna neno.

Alhamisi, 9 Januari

Nimenunua kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia maboksi. Kalamu za siku hizi wino wake ni maji matupu, mtu huoni hata ulichoandika. Vikombe vitatu na nusu. Ile nusu tumekubaliana tusimwambie muuguzi.

Jumatatu, 13 Januari

Wameanza kuchimba barabara ya hospitali. Imebaki njia moja, na katikati amesimama mtu mwenye kibao, upande mmoja nyekundu, upande wa pili kijani. Wanasema watamaliza kabla ya mvua. Wenye teksi hawaigusi tena. Wakisikia hospitali wanakwambia gari lina mteja.

Jumanne, 14 Januari

Lilichemsha. Shemeji anasema walikaa kwenye foleni dakika arobaini, mshale wa joto ukapanda mpaka juu, mvuke ukatoka kwenye boneti. Alizima, akangoja, akaongeza maji. Walifika zikiwa zimebaki dakika nne kiti kiende kwa mwingine.

"Shemeji, ikitembea mshale unashuka wenyewe," akaniambia. "Ikisimama tu ndiyo inapanda."

Nikamuuliza kama aliangalia maji kabla ya kutoka. Akasema aliangalia. Sikumwamini. Mtu anayevaa miwani ya jua kabla jua halijachomoza ataangalia nini? Tangu nilipomwoa dada yake nimemjua kijana huyu kwa muziki, manukato na mikono laini. Hata kofi lake la salamu halina uzito.

Nimekagua. Maji yapo. Mabomba ya mpira ni mazima, hakuna panapovuja. Nimeliacha likiunguruma uani mpaka likapata moto, feni ikajiwasha. Feni inazunguka. Miaka thelathini na minne katika kazi hii, feni naijua kwa sikio.

Jumatano, 15 Januari

Nimebadilisha kifuniko cha rejeta, ile inayopoza maji ya injini, mpira wake ulikuwa umekufa. Huenda ni hicho tu. Vikombe vitatu.

Alhamisi, 16 Januari

Si hicho.

Ijumaa, 17 Januari

Nimetoa themostati, kile kidude kinachofungulia maji njia injini ikipata moto. Kikigoma kufunguka, gari linachemsha. Nikakitia kwenye sufuria jikoni kuona kama kitafunguka maji yakichemka. Kikafunguka, kizima kabisa. Mke wangu akatokea mlangoni.

"Hiyo ni sufuria ya chai."

"Nitaiosha."

"Hutaiosha, fundi. Utaitupa."

Akinikasirikia ananiita fundi. Akiwa na amani naye ananiita baba watoto. Watoto wenyewe wako mbali, wanapiga simu Jumapili.

Jumamosi, 18 Januari

Lilichemsha mara mbili. Walifika zikiwa zimebaki dakika mbili. Aliporudi alilala mpaka jioni bila kula.

Jumapili, 19 Januari

Nimeshinda uani. Nimeshusha rejeta, nimeiosha kwa maji na kwa dawa, nikaipuliza mpaka hewa ikapita safi. Kutu ilitoka ya kutosha kujaza kopo. Nilifurahi kuiona hiyo kutu, nikajua nimempata mwizi.

Mke wangu alileta kigoda akakaa mbele ya gari, kwenye kivuli cha ukuta, akinitazama ninavyomimina maji ndoo kwa ndoo.

"Gari lako linakunywa kuliko mimi," akasema.

Niliona haya. Yeye anapewa barafu anyonye akizidiwa na kiu, na mimi nilikuwa namwaga maji mbele yake kama mwenye kisima. Nikawasha injini tuone. Lilipopata moto na feni ikaanza, akasogeza kigoda. "Mbona linanipulizia joto usoni?"

"Injini ina moto, ulitaka likupulizie barafu?"

Feni inazunguka. Vikombe vitatu.

Jumanne, 21 Januari

Lilichemsha palepale kwenye kibao. Kumbe kutu haikuwa mwizi, ilikuwa mpangaji tu.

Mteja mmoja leo alinirudishia gari, anasema nati mbili za gurudumu hazikukazwa. Nimemwambia barabara zimeharibika, zinalegeza kila kitu. Akaniangalia, au nadhani aliniangalia. Mchana ule jua lilikuwa kali mno, kila kitu cheupe.

Alhamisi, 23 Januari

Sasa wanatoka saa kumi alfajiri kukwepa foleni. Kila mtu mwenye akili naye anatoka saa kumi, kwa hiyo foleni nayo imehamia saa kumi. Wamefika. Vikombe viwili, hakutaka zaidi.

Asubuhi: "Naonekanaje?" "Kama jana."

Jumapili, 26 Januari

Pampu ya maji mpya. Mikono imechubuka, mgongo haunyooki. Nimemaliza kazi nikakaa chini pale pale, na jirani yangu mchomeleaji, ambaye wote tunamwita Cheche, akaja kunicheka. "Penye miti hapana wajenzi," akasema. "Fundi mzima, gari lake ndilo bovu mtaa mzima."

Nikamweleza. Barabarani likikimbia linapoa, kwenye foleni linapanda. Cheche hajui injini, anajua mageti, lakini hata yeye akasema, "Si feni hiyo?"

"Feni inazunguka."

"Basi ni dereva."

Sikulisema mimi, alilisema yeye. Lakini niliposikia nilitulia moyoni, kama mtu aliyepewa kiti baada ya kusimama sana. Shemeji anaichosha injini kwa kukanyaga mafuta ovyo, anasahau maji, anapiga muziki hasikii injini inavyolia. Ni dereva.

Jumanne, 28 Januari

Lilichemsha. Nimemwambia mke wangu mdogo wake hajui kuendesha. Akasema, "Umeshawahi kukaa naye kwenye ile foleni?" Nikasema sina haja. Akasema, "Basi nyamaza."

Alhamisi, 30 Januari

Wamefika ikiwa imebaki dakika moja. Viwili.

Jumamosi, 1 Februari

Sitaki kuandika lakini nikiacha nitalala na haya kifuani.

Lilichemsha darajani, kwenye ile njia moja, mahali ambapo huwezi kutoka mbele wala nyuma. Safari hii bomba la juu lilipasuka, maji yote yakamwagika. Shemeji alilisukuma mpaka pembeni, akambeba dada yake mgongoni. Kutoka darajani mpaka geti la hospitali ni mwendo wa kuchosha hata kwa mtu mtupu. Walifika saa moja na dakika arobaini. Kiti kilikuwa na mama mwingine, tayari ameshachomekwa mipira. Muuguzi aliomba radhi, akasema Jumanne. Tangu Alhamisi mpaka Jumanne ni siku tano.

Nilipata habari mchana, Cheche alipokuja kunichukua tukalivute gari. Nilipofika nyumbani shemeji alikuwa amekaa kizingitini, shati limeganda kwa jasho. Sikumuuliza amechoka kiasi gani. Nilimuuliza maji aliangalia saa ngapi.

"Kabla ya kutoka. Na kwenye buti nina chupa tano, shemeji. Kila siku nina chupa tano."

"Mikono yako imezoea ndevu," nikamwambia. "Gari si kichwa cha mtu. Unaliua gari, na dada yako akifa, ni wewe."

Ndivyo nilivyosema. Nimeandika neno kwa neno nisije baadaye nikajidanganya kwamba nilisema jambo jingine.

Hakupandisha sauti. Aliinuka, akaweka ufunguo kwenye meza, taratibu, kama anavyoweka wembe. "Sawa, shemeji," akasema. Akaenda ndani kumuaga dada yake, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mke wangu hajaniita fundi wala baba watoto. Hajaniita chochote.

Jumapili, 2 Februari

Nimefungua kichwa cha injini. Gasketi, ile karatasi ngumu inayokiziba, ikiungua, moto wa injini huingia kwenye maji, na hapo hata ulete mto mzima litachemsha. Nimeshinda nimeinama. Nimepitisha vidole juu ya chuma inchi kwa inchi, sikukuta mkunjo wala ufa. Gasketi nzima. Nimeweka mpya hata hivyo, kwa hasira tu.

Miguu yake imevimba. Ukibonyeza, shimo la kidole linabaki. Kikombe kimoja.

Jumatatu, 3 Februari

Alfajiri alishindwa kupumua akilala, ilibidi akae. Injini bado iko vipande vipande mezani. Nilimgongea Cheche, akashusha mageti yake barabarani, tukampakia mke wangu mbele kwenye pikapu. Hospitali walimwonea huruma wakamwingiza kwenye zamu ya dharura. Nilikaa nje kwenye benchi nikashika tama. Nilimwomba Mungu mambo mengi na sikumwahidi hata moja, maana najijua.

Jioni nimerudisha injini. Nimefanya kwa mikono, macho yameniuma.

Jumanne, 4 Februari

Nimempeleka mwenyewe. Gereji nimeifunga.

Nilienda taratibu nikifuata taa za gari la mbele. Mke wangu alikuwa anazungumza njia nzima, shimo hilo, pikipiki hiyo, jambo ambalo si kawaida yake. Kwenye foleni nikamuuliza, kama mtu asiyejali, "Mshale uko wapi?" Akasema, "Juu ya nusu." Kisha, "Robo tatu." Nikazima, nikawasha, nikazima. Mimi nilikuwa sijakanyaga mafuta ovyo, wala hakukuwa na muziki, na maji niliyaangalia mwenyewe kwa kidole. Lilichemsha vilevile.

Kwa hiyo si dereva. Nimeandika sentensi hiyo na nimeiacha hapo. Kwenda kwa shemeji sijaenda.

Alhamisi, 6 Februari

Tumefika. Nimechoka mpaka kwenye mifupa. Vikombe vitatu.

Jumamosi, 8 Februari

Leo nusura niue mtu.

Tulikuwa tunakaribia kibao. Gari la mbele lilipita, nikalifuata, nilidhani ni kijani. Mke wangu akasema, "Simama." Nilimsikia lakini sikuelewa nisimame kwa nini. Akapiga kelele, "Simama, nyekundu," akavuta breki ya mkono kwa mkono wake wenye mshono, ule wanaomchomeka mipira ya mashine. Gari likayumba. Kitu kikagonga boneti. Kilikuwa kibao. Mwenye kibao alikuwa ameruka mtaroni, akainuka na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Alikuja dirishani. Hakutukana, na afadhali angetukana. "Mzee, huoni?" akaniuliza.

"Breki," nikasema. "Breki zimenigomea."

"Breki ni nzima," mke wangu akasema.

Alimwomba radhi yule mtu kwa niaba yangu, akampa chupa yake ya maji aliyopimiwa kwa siku nzima. Tulifika. Alisafishwa. Kwa muda wa saa nne nilikaa kwenye benchi nikisikia breki ya mkono ikilia kichwani.

Nyumbani alikaa mbele yangu, magoti yakigusa magoti. "Tangu lini?"

Nikajitia hamnazo. "Tangu lini nini?"

"Jana nilikuwekea shati la kijani ukasema hili jeusi ulilitoa wapi. Hizo herufi zako daftarini zimekuwa kubwa kama za tangazo la mnada. Tangu lini, baba watoto?"

Kuniita hivyo ndiko kulikonimaliza. Nikamwambia. Tangu mwaka jana, kabla yeye hajaanza mashine. Ni kama kutazama kupitia kioo kilichopuliziwa pumzi, na mtu huwezi kukifuta. Jua likiwa kali ni mbaya zaidi. Gereji nafanya kazi kwa vidole na masikio, na watu hawajui. Yeye alipoanza kuumwa nikaona nyumba hii haiwezi kuwa na wagonjwa wawili, nikanyamaza. Nilikuwa naogopa. Fundi asiyeona ni nani? Nimelia mbele yake, na sijalia mbele yake tangu tumzike mama yangu.

Alininyamazisha kama mtoto. Kisha akasema, "Na kila ninapokuuliza naonekanaje?"



Jumapili, 9 Februari

Nitaandika kwa utaratibu, maana ni kitu cha kijinga na nataka kikae kwenye karatasi.

Asubuhi nililiwasha gari uani, basi tu, kwa mazoea. Mke wangu alikuja na kigoda chake akakaa palepale mbele. Lilipopata moto, feni ikajiwasha, nikasikiliza, nikasema, "Feni inazunguka."

"Inazunguka," akasema, "na inanipulizia. Nilishakwambia."

"Injini ina moto."

"Gari za wateja wako nimekaa mbele yake miaka yote, nikikuletea chakula. Hazinipulizii. Hili linanitolea pumzi usoni kama mtu."

Nilisimama nikiwa na kitambaa mkononi. Kuna jambo nimewafundisha wote waliojifunza kazi kwangu, la siku ya kwanza kabisa. Chukua karatasi, iweke mbele ya rejeta. Feni nzima inavuta hewa kutoka nje kuingia kwenye injini, kwa hiyo karatasi inanata. Nimelisema mara mia. Kwenye gari langu mwenyewe sikulifanya hata mara moja, kwa kuwa nilikuwa naisikia inazunguka, na mimi sikio langu linatosha.

Nikachana ukurasa mtupu wa nyuma wa daftari hili nikampa. "Uweke hapo mbele."

"Umeruka," akasema.

"Urudishe."

"Umeruka tena. Hautaki kukaa."

Feni ilikuwa inazunguka kinyume. Mwezi mzima na zaidi imekuwa ikisukuma moto kwenda nje badala ya kuvuta baridi kuja ndani. Gari likikimbia, upepo wa barabarani unaishinda nguvu na injini inapoa. Likisimama kwenye foleni hakuna upepo, inabaki feni peke yake, na feni inafanya kazi ya adui. Mota ya aina hii ukiigeuzia nyaya inazunguka nyuma bila kulalamika. Na nyaya zile aliziunga mtu mmoja, Jumapili ya tarehe tano, jua likizama. Nimerudi kusoma nilivyoandika. Nyeusi kwa nyeusi, buluu kwa buluu.

Nilifungua utepe. Nyaya nne zikawa mkononi mwangu na zote zilikuwa rangi moja.

"Hii ni ipi?" nikamuuliza.

"Nyeusi."

"Na hii iliyoungwa nayo?"

"Buluu," akasema.

Akanisomea moja moja, mimi nikaunga. Mkono wake wenye mshono ulikuwa umenishikia tochi mchana kweupe. Tukawasha. Karatasi ikanata kwenye rejeta kama stempu. Tuliliacha linaunguruma dakika hamsini, yeye akiwa amekaa kwenye kiti cha dereva akinisomea mshale. Katikati. Katikati. Bado katikati.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Rejeta, pampu, gasketi, themostati, vyote vilikuwa vizima. Na kijana wa watu alikuwa mzima.

Jumatatu, 10 Februari

Nimekwenda kibandani kwa shemeji. Nilikaa kwenye benchi na wateja wengine nikingoja zamu yangu, maana sikuona ninastahili kuitwa mbele. Ilipofika akanifunga kitambaa shingoni, akanipaka povu, akaanza na wembe. Wembe ulipokuwa kooni nikasema, "Nyaya nilizigeuza mimi."

"Shemeji, usiongee, nitakukata."

"Feni ilikuwa inarudi nyuma. Nilizigeuza mimi kwa sababu sioni. Na lile neno nililokwambia juu ya dada yako—"

Akaondoa wembe. Wateja kwenye benchi walijifanya wanasoma bei ukutani.

"Nilijua huoni," akasema kwa sauti ya chini. "Mwaka jana nilikunyooshea ufunguo ukaupapasa hewani. Ulidhani nilianza kuja kuendesha kwa nini? Unadhani mimi napenda kuamka alfajiri?"

"Mbona hukusema?"

"Wewe ni mkubwa wangu. Ningeanzia wapi?"

Alimaliza kuninyoa. Aliponipaka spiriti nikahisi mikono yake. Si laini hata kidogo. Viganja vina sugu ya kusukuma gari, na kidole gumba kina kovu la moto, nadhani la kifuniko cha rejeta. Nilimwomba radhi mbele ya watu wote wale. Akasema, "Kesho saa kumi na nusu. Ila muziki napiga."

Jumanne, 11 Februari

Shemeji aliendesha, dada yake mbele, mimi kiti cha nyuma kama mzigo. Kwenye kibao tulisimama dakika thelathini na tano. Muziki wake ni mbaya. Mke wangu alisoma mshale bila kuulizwa. "Katikati, baba watoto." Yule mwenye kibao alitutambua, akasogea kando kabisa mpaka tulipopita. Tumefika kabla ya muda.

Jumatano, 19 Februari

Daktari wa macho ameniangalia. Mtoto wa jicho, yote mawili. Wataanza na la kulia, Jumatano ijayo, katika hospitali ileile. Magari ya wateja nimempa fundi wa gereji ya jirani. Wingu la kwanza la mvua leo. Vikombe vitatu.

Jumatano, 26 Februari

Naandika mimi, mke. Fundi amefungwa jicho na ameambiwa asiiname. Analalamika kuhusu chakula, kwa hiyo mzima. Nimelisoma daftari lote alipokuwa amelala. Ile nusu kikombe ya tarehe tisa muuguzi alishaijua, nilimwambia mwenyewe. Na sufuria ya chai hakuitupa, ameificha gereji. Vikombe viwili.

Alhamisi, 27 Februari

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Barabara bado haijaisha.

Yeye alikwenda kwenye kiti chake, mimi nikaenda kliniki ya macho. Wakanifungua. Kwanza ulikuja mwanga, kisha kucha zangu, chafu, kila moja na mstari wake. Ukutani palikuwa na buluu ambayo nilikuwa nimesahau kwamba ipo. Nesi akaniuliza vidole vingapi, nikamwambia vitatu, na pete.

Nikapita ukumbini mpaka kitengo cha figo. Benchi la nje nimelikalia sana. Ndani nilikuwa sijaingia hata siku moja. Nilisimama mlangoni kumtafuta, na jicho langu lilimpita mara mbili. Yeye ndiye aliyeniinulia mkono.

Amekonda. Mashavu yameingia, ngozi imekuwa nyeusi ya kijivu, nywele za mbele zimekatika. Mkono wenye mshono una vinundu kama kamba iliyofungwa mafundo, na damu yake yote ilikuwa inatoka hapo kwenda kwenye mashine na kurudi. Ana miaka hamsini na mitatu. Nilikuwa nimebaki na uso wake wa mwaka juzi, na huo ndio niliokuwa nikiujibu kila asubuhi.

Alinitazama ninavyomtazama. Hakujificha.

"Naonekanaje?" akasema.

Kinywa kilikuwa tayari kusema kama jana. Kilizoea. Nikavuta kiti nikakaa, nikamshika mkono usio na mipira.

"Umechoka, mke wangu," nikamwambia. "Umechoka sana."

Akafumba macho. Machozi yalitoka lakini uso ulilegea, wote, mpaka kwenye kidevu. "Ndiyo," akasema. "Nimechoka."

Tukakaa hivyo mpaka mashine ilipomaliza. Shemeji alikuwa anatusubiri nje kwenye mvua, injini inaunguruma. Kikombe kimoja na nusu.